Mwanao Akitoka Jela, Atalala Wapi?

Asanteni. Wazee wangu, akina mama, vijana. Wengi mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalirudia, kwa sababu swali ni lile lile: "Mwanangu anatoka jela. Nikimpokea, watanifukuza?" Hapa Marekani, mama anayeishi nyumba ya serikali akiuliza hivyo ana sababu ya kuogopa.

Mwanzoni mwa 1996 Rais Clinton alilihutubia Bunge akasema wahalifu wa magenge na wauza dawa za kulevya kwenye nyumba za umma wapewe nafasi moja tu: kosa moja, nje. Sheria yenyewe ilikuwapo tangu 1988. Inaitaka kila mamlaka ya nyumba iweke katika mkataba kwamba mpangaji anaweza kutolewa iwapo yeye, au mtu wa nyumbani mwake, au mgeni wake, atajihusisha na dawa za kulevya. Mmesikia? Mgeni wake. Na hapo hatujasubiri mahakama imtie mtu hatiani.

Sasa nisikilizeni habari ya Pearlie Rucker, bibi wa miaka 63, Oakland, California. Aliishi na binti yake mwenye ulemavu wa akili, wajukuu na kitukuu. Yule binti alikamatwa na kokeini mitaa mitatu kutoka nyumbani. Mitaa mitatu! Bibi alieleza kwamba alikuwa na desturi ya kupekua chumba cha binti yake akitafuta dawa, na alikuwa amemwonya kwamba watafukuzwa. Mlitaka afanye nini zaidi? Amfunge kamba? Hata hivyo mamlaka ya nyumba ilimfungulia shauri la kumtoa. Wengine wawili katika kesi hiyo walikuwa wazee ambao wajukuu wao walikutwa wakivuta bangi kwenye maegesho ya magari. Wa nne, Herman Walker, mzee wa miaka 75 mwenye ulemavu, aliponzwa na msaidizi aliyekuwa akimhudumia, aliyekutwa na kokeini.

Mahakama za chini ziliwasitiri. Lakini Machi 2002 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 8 kwa 0: mpangaji anaweza kutolewa hata kama hakujua lolote. Na hapa ndipo mimi hushindwa kunyamaza. Shauri la kumtoa Bi Rucker lilikuwa limeshafutwa zamani, Februari 1998. Kwa nini? Kwa sababu binti yake alikuwa ameshafungwa, na kwa hiyo hakuwa tena hatari kwa majirani. Kilichomwokoa mama ni mtoto kuwa jela. Basi siku mtoto akitoka, mama huyo atamfungulia mlango kwa moyo gani?

Najua kuna atakayeniambia: na majirani je? Nao hawana haki ya kulala kwa amani? Wanayo. Nimeishi jengo ambalo watoto walikatazwa kucheza ngazini kwa sababu ya wauza unga, sihitaji kufundishwa. Anayeuza unga atolewe. Ninachokataa ni kumtoa bibi yake. Tena Mahakama yenyewe ilisema sheria hailazimishi kumfukuza mtu. Inaiachia mamlaka ya nyumba ipime. Kwa hiyo ofisa anayekwambia "mikono yangu imefungwa" anakudanganya, mwambie apime.

Na kuna uongo mwingine, huu tunausambaza wenyewe: kwamba aliyewahi kufungwa haruhusiwi kabisa nyumba za umma. Si kweli. Sheria ya taifa inawafungia mlango wa nyumba hizo maisha yao yote watu wa aina mbili tu: aliyehukumiwa kwa kutengeneza dawa ya kulevya ya methamfetamini ndani ya nyumba hizo, na aliye kwenye daftari la maisha la wahalifu wa ngono. Aliyefukuzwa kwa dawa za kulevya hungoja miaka mitatu, na muda huo unaweza kupunguzwa akimaliza matibabu. Yaliyobaki ni kanuni za kila mji, na kanuni za mji hujadiliwa. Nendeni kwenye vikao vyao!

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka tuzungumze kwa kirefu juu ya umbali. Miami mwaka 2005 kaunti ilipiga marufuku wahalifu fulani wa ngono kuishi ndani ya futi 2,500 kutoka shule, hata watu wakaishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle, na maofisa wa uangalizi wakijua. Najua hao hawana mtetezi, na waliowaumiza watoto sina machozi nao. Lakini mtu asiye na anwani, nani atamchunga? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya California iliizuia sheria kama hiyo, ya futi 2,000, isiwabane wahalifu wote wa ngono walio kwenye parole, yaani walioachiwa kwa masharti na uangalizi, kule San Diego, maana ilikuwa imewafungia karibu nyumba zote za kupanga.

Masharti ya parole ya kutochangamana na waliowahi kufungwa, hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, sitayafikia leo. Itoshe niseme hili: ofisa anaweza kutoa ruhusa, na ruhusa hiyo muombe kwa maandishi kabla kijana hajaingia nyumbani.

Waliokuja na mikataba yao ya nyumba, msiondoke. Leteni hapa mezani, tuanze na ukurasa unaohusu wageni.