Vumbi la Chini ya Mkeka

Hamjambo, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni. Asanteni kwa kuja na jua hili.

Mkiunyanyua mkeka wa sebuleni mtakuta vumbi laini kama unga. Asubuhi mama analifagia, jioni limerudi. Kazi yangu ni kulipima vumbi hilo. Watu wengi wakinikuta na vifaa huniuliza, "Mbona hupimi hewa?" Hewa naipima pia, na nitafika huko. Lakini hewa ya saa hii si ya jana. Upepo ukigeuka imeshakwenda. Vumbi linakaa. Rangi iliyobanduka kwenye fremu ya dirisha, moshi wa jirani, uchafu uliokuja na nguo za kazi za baba, vyote vimo mle.

Hapa Mombasa hatuhitaji mfano wa mbali wa sumu inayokaa kwenye vumbi. Mtaani Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua, na ni kipimo cha damu kilichoonyesha kwamba ni risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Tanuri lilipozimwa, moshi ulikoma siku hiyo hiyo. Risasi iliyokuwa imeshatua uani na juu ya mabati haikuenda popote, kwa sababu madini hayaozi.

Na anayeila ni nani? Ni yule anayetambaa. Mtoto mdogo anashika sakafu, kisha anatia mkono kinywani, siku nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wake hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Inagusa ubongo unaokua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mtoto haonyeshi kitu: hana homa, hana upele, ila miaka inapita na shuleni anaambiwa mzito.

Sasa, tunapimaje? Nachukua mkanda wa gundi, nazungushia sakafuni mraba wa futi moja kwa futi moja. Navaa glavu mpya. Nafungua kitambaa chenye unyevu, napangusa kutoka kushoto kwenda kulia bila kuacha pengo, nakikunja upande mchafu ukiwa ndani, napangusa tena kutoka juu kwenda chini, nakunja, namalizia pembeni na kwenye kona. Kinaingia kwenye chupa safi yenye jina la chumba na tarehe. Pamoja nacho napeleka kitambaa kingine ambacho hakikugusa kitu, ili maabara ijue kama risasi ilikuwa kwenye kitambaa chenyewe. Msikubali majibu ya mtu aliyeruka hatua hiyo. Maabara huyeyusha kitambaa kwa asidi, na mashine husoma kilichomo. Marekani, mwaka 2024, waliteremsha kiwango cha risasi kwenye vumbi la sakafu kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa futi hiyo moja ya mraba. Maikrogramu moja ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Maikrogramu 5 hamwezi kuziona hata mkipiga magoti na tochi.

Mahali pa kupangusa ni muhimu kuliko mashine. Kuna nyumba ya fundi wa betri niliyopima, sebule ikatoka na majibu mazuri kabisa. Kilichotisha kilikuwa nyuma ya mlango, pale anapotundika ovaroli, na mtoto alikuwa akilala mchana papo hapo kwa sababu ya upepo. Ningepima sebule peke yake, ningempongeza yule baba nikaenda zangu.

Tuje kwenye hewa. Vile vipima-moshi vidogo vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga. Hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, chembe zinavimba kwa maji, na kifaa kinasoma zaidi ya ukweli. Basi kiwekwe mahali penye hewa kavu? Hapana: kiwekwe anapovuta pumzi mpishi, mita moja hivi kutoka kwenye jiko, mbali na dirisha, na kilinganishwe na kifaa cha uhakika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa chembe ndogo kabisa ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Na jiko la makaa lisiwadanganye kwa kuwa halifuki sana. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na kipima-moshi hakiioni. Ina kifaa chake. Usiku wa mvua, jiko likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, watu hawaamki.

Nimeletewa swali kwenye karatasi: "Mimi sina pesa za maabara, nianze wapi?" Dada yangu, anza na deki. Ufagio wa chelewa ukitumika pakavu unalirusha vumbi hewani, nalo linatua upya juu ya vyombo. Nyunyiza maji, pangusa kwa kitambaa kibichi, maji machafu usiyamwage mtoto anapochezea. Nguo za gereji zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila kula. Na kama mzee wa nyumba anashughulika na betri au anakwangua rangi za zamani, usingoje vumbi lipimwe. Mpeleke mtoto apimwe damu.

Mkanda na vitambaa viko hapa mezani. Akina mama wawili waje mbele, tupime sakafu ya ukumbi huu sasa hivi, tuanzie ile kona walipokaa watoto.