Gemu haiishi pale majina yanapopanda

Haya jamani asanteni, mlioko nyuma sogeeni mbele kidogo, sitaongea sana. Nimeombwa niongelee subira, na mi kitu kilichonifundisha subira kwa kweli ni gemu, tena sio kucheza tu, ni kule kuimaliza yote, asilimia mia, pamoja na vile vya ziada ambavyo wengi tunaviacha bosi wa mwisho, yaani yule adui mkubwa wa kumalizia, akishadondoka.

Zamani nilikuwa mtu wa stori tu. Bosi kafa, majina ya waliotengeneza yanapanda kwenye skrini, natoa naweka nyingine. Chukueni Super Mario 64 ya 1996, nyota 70 za kuokota zinatosha kumfikia adui mkuu Bowser kwenye pambano la mwisho, ila zote ziko 120, na ukizikusanya zote mzinga ulioko nje ya kasri unafunguka, unarushwa mpaka juu ya paa unamkuta Yoshi, yule dinosa rafiki wa Mario, anakupa maisha 100. Sasa mtu atauliza, maisha 100 ya nini na gemu nishaimaliza? Swali zuri sana hilo. Kwa sababu faida haiko kwa Yoshi, iko njiani. Kila levo kati ya zile 15 kubwa ina nyota ya sarafu 100, na sarafu 100 huzipati kwa kukimbia, lazima ujue kila kona, ujue adui gani akipigwa anatoa sarafu ya bluu, alafu ukifa ukiwa na 90 unaanza sifuri. Levo niliyoipita mbio mara kumi ndo nikaanza kuiona.

Lakini aliyenipiga darasa lenyewe ni Hollow Knight, ya 2017. Gemu hii asilimia yake haiishii 100, inaishia 112, kwa sababu waliongeza vitu baadaye bila malipo nao wakavihesabu. Na kuna sehemu imefichwa ndani ya White Palace inaitwa Path of Pain, misumeno na miiba mwanzo mwisho, na hiyo wala haikuongezei hata asilimia moja. Mi nimekaa humo siku nyingi. Siku za kwanza nilikuwa nakasirika, nikikasirika naongeza spidi, nikiongeza spidi nakufa zaidi, nikawa nasema kidole kimechoka, mara padi ya kuchezea imechakaa, kumbe siku moja nimeweka padi chini nikawaza tu, hivi nafia wapi hasa? Nikagundua sifii pale pagumu. Pale pagumu napita vizuri kabisa. Nafia kwenye mruko wa mwisho, ule mwepesi, kwa sababu macho yangu yashafika kwenye chumba kinachofuata kabla mwili haujafika.

Hapo ndo nilielewa kitu. Tumekua tunaambiwa mvumilivu hula mbivu, na wengi tumesikia neno "hula" tu, tunadhani subira ni kung'ata meno mpaka zawadi ije. Mi nadhani subira ni kubaki kwenye mruko uliopo. Nikaanza kupita chumba kimoja kimoja, nikivuka nasimama pale kwenye ardhi salama, napumua, naangalia misumeno inavyozunguka bila kugusa kitu, alafu ndo naenda. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa kila jaribio ila majaribio yakapungua sana.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kila kitu kikusanywe. Gemu ya Breath of the Wild ina mbegu za Korok 900, yaani zawadi za viumbe wadogo waliojificha kila kona, wakati 441 zinatosha kuongeza nafasi zote za silaha, pinde na ngao. Zile ziliwekwa nyingi ili yeyote anayezurura akutane nazo, kila mtu kwa njia yake. Ukizitafuta zote na ramani ya mtu mwingine mkononi, unatia tiki mia tisa na hujatazama hata mlima mmoja, mi hiyo siiiti kumaliza gemu, samahani kwa mnaoipenda.

Gemu ya Celeste naipenda kwa hilo, ya 2018. Ina sitroberi 175 za kuokota, na yenyewe inakwambia wazi hazina kazi yoyote. Kuna kaseti zimefichwa zinafungua upande B wa kila sura, yaani sura ileile ila ngumu zaidi, ukimaliza hizo zote unafunguka upande C, alafu 2019 wakaongeza sura ya 9 ndefu na ngumu kuliko zote. Ukifa unarudi palepale sekunde hiyohiyo, na vifo vinahesabiwa mbele ya macho yako. Mdogo wangu alikuwa anaficha ile namba yake, nikamwonyesha yangu, maelfu, tangu siku hiyo tunacheza pamoja.

Saivi niko Pantheon ya tano, mashindano ya mabosi bila kupumzika, bado Hollow Knight hiyohiyo. Mabosi 42 mfululizo, ukiuawa na wa arobaini unarudi kwa wa kwanza. Sijaimaliza. Jana nimefia kwa bosi ambaye nikikutana naye peke yake simwogopi hata kidogo, nikajua moja kwa moja nilikuwa nishaanza kumuwaza anayefuata. Nikazima nikalala. Leo nikitoka hapa naendelea.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.