Kilichopimwa ni Nini? Mhadhara kuhusu Kusoma Matokeo ya Utafiti wa Tiba

Mabibi na mabwana, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka Bondo, Kombewa na Ahero, nanyi wanafunzi wa uuguzi na utabibu, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa tiba katika eneo hili la ziwa. Kwa kuwa uwanja wenyewe ni mpana, nitashikilia swali moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo husahaulika kwanza matokeo yanapotangazwa redioni: watafiti walipima nini hasa?

Mwaka 2011 ulileta habari mbili zilizowachanganya wengi hapa Kisumu. Mwezi wa Aprili jaribio la FEM-PrEP, lililochunguza kama kidonge kinaweza kuwakinga wanawake wasiambukizwe virusi vya UKIMWI, lilisitishwa. Lilikuwa limewasajili wanawake 2,120 wasiokuwa na virusi vya UKIMWI, kutoka Bondo hapa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, nusu yao wakipewa kidonge cha kila siku chenye tenofovia na emtrisitabini, dawa mbili za kupambana na virusi hivyo, na nusu kidonge bandia kisicho na dawa kinachofanana nacho kabisa. Mwishowe walioambukizwa walikuwa 33 katika kundi la dawa na 35 katika kundi la kidonge bandia, yaani hakuna tofauti ya kuzungumziwa. Julai ya mwaka huohuo, jaribio la Partners PrEP, lililofanyika Kenya na Uganda, Kisumu na Eldoret zikiwa miongoni mwa vituo vyake, likatangaza kwamba dawa ileile ilipunguza maambukizi kwa asilimia 73. Humo zilishiriki jozi zaidi ya 4,700 za wachumba na wanandoa, mmoja akiwa na virusi na mwenzake hana.

Wapo waliosema upesi kwamba dawa hiyo huwafaa wanaume peke yao. Maelezo hayo hayasimami, kwa sababu katika Partners PrEP wanawake nao walikingwa. Jibu lilipatikana maabara. Wanawake wa FEM-PrEP walipoulizwa, asilimia 95 walisema walikuwa wakimeza kidonge kama walivyoelekezwa, na hesabu ya vidonge vilivyorudishwa kliniki nayo haikutofautiana sana na maelezo yao. Damu ilipochunguzwa, hata asilimia 40 yao haikufika waliokuwa na dalili ya kuimeza dawa siku za karibuni. Kwa hiyo jaribio lile halikupima nguvu ya dawa dhidi ya virusi. Lilipima kinachotokea wanawake vijana wenye afya wanapokabidhiwa kidonge cha kila siku, ambacho hawajui kama ni dawa au la, katika mazingira ambamo kuonekana na kopo la vidonge kunatosha kumzulia mtu ugonjwa. Hilo nalo ni jambo la kweli na lenye faida kulijua, ila ni jawabu la swali jingine.

Niruhusiwe kusema hapa kwamba sipendi kusikia wanawake wale wakiitwa waongo. Wengi walijiona hawamo hatarini. Wengine waliogopa madhara ya dawa, au walikatishwa tamaa na watu wa karibu nao. Katika Partners PrEP hali ilikuwa tofauti: mshiriki aliijua hatari kwa sababu ilikuwa nyumbani mwake, na mara nyingi mwenzake ndiye aliyemkumbusha kumeza. Tofauti hiyo ya maisha ndiyo iliyogeuza matokeo. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kinga hiyo mwaka 2015 kwa kila aliye katika hatari kubwa, na Kenya ilipoianzisha nchini kote mwaka 2017, suala la kumeza lilikuwa na uzito uleule wa suala la dawa, na mhudumu wa kijijini analijua hilo kuliko mtu wa maabara.

Mfano wa pili unahusu matibabu ya dharura, na kwangu mimi ndio unaotisha zaidi. Kwa miaka mingi, hasa katika nchi tajiri, mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi na damu haizunguki vyema, aliongezewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kwa imani kwamba ndiyo njia ya kuokoa maisha yake. Jaribio la FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, baadhi ya vituo vyake vikiwa Mbale na Soroti, mashariki mwa Uganda, liliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu: wengine wakapewa maji ya haraka ya albumini (protini ya damu) au ya chumvi, wengine wakapewa maji ya kawaida ya kukidhi mahitaji ya mwili tu. Saa moja baadaye, dalili za mshtuko, yaani huko kuzunguka vibaya kwa damu, zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi katika makundi ya maji ya haraka. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba tiba imefaulu. Lakini kufikia saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi hayo mawili, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupewa maji hayo. Kama watafiti wangepima mzunguko wa damu wa saa ya kwanza pekee, tungekuwa bado tunasifu tiba inayoua. Angalizo: watoto wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo mtu asimnyime maji mtoto aliyekauka kwa kuhara akidai kwamba FEAST imekataza.

Kwa upande wa kutambua ugonjwa, tukichukulie kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kudunga kidole, ambacho wengi wenu mnakitumia. Aina iliyozoeleka hutafuta protini iitwayo HRP2 inayotolewa na vimelea, na protini hiyo huweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Zaidi ya hayo, katika kaunti za kando ya ziwa kuna watu wengi wanaobeba vimelea bila kuugua. Hivyo kipimo kinaposema ndiyo, kinasema kwamba vimelea vipo au vilikuwapo. Hakisemi kwamba ndivyo vilivyoileta homa ya leo. Mtoto mwenye kikohozi ambaye kipimo kimesema ndiyo apewe dawa ya malaria, na bado pumzi zake zihesabiwe: kuanzia 50 kwa dakika kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, nimonia inashukiwa hata kama kipimo kimeonyesha malaria.

Kuna wakati ambapo kupima kitu mbadala ni halali, kwa kuwa kukingoja chenyewe hakuwezekani. Jaribio la KEN SHE, lililofanyika Kisumu, Thika na Nairobi, liliwasajili wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 ili kujua kama dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inatosha. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kujitokeza, kwa hiyo walipima maambukizi yanayodumu, ambayo bila hayo saratani hiyo haitokei. Kundi la kulinganisha lilipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, hivyo hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Baada ya miezi 18, kinga dhidi ya aina mbili za virusi hatari zaidi ilikuwa asilimia 97.5. Hata hivyo, chanjo hii Kenya hulenga wasichana wa miaka 10 hadi 14, ambao hawakuwa katika jaribio hilo. Pengo hilo lilizibwa ng'ambo ya ziwa, Mwanza, ambako wasichana wa miaka 9 hadi 14 walipimwa kingamwili baada ya dozi moja, kisha viwango vyao vikalinganishwa na vya washiriki wa Kenya. Kisumu ilipima maambukizi, Mwanza ikapima kingamwili, na saratani yenyewe haijapimwa katika utafiti wowote kati ya tafiti hizo mbili. Mimi naona hoja hiyo inatosha kumpeleka binti kwenye chanjo mwaka huu, na niko tayari kupingwa katika kipindi cha maswali.