Koti la kiume linaanzia ndani

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Nimeombwa niongelee koti la kiume, lile la suti, kulishona mwenyewe nyumbani, na najua wengi hapa magauni mnashona vizuri tu, mashati mnashona, ila likitajwa koti mtu anasema hilo nampelekea fundi. Naomba leo tuondoe huo woga. Cherehani yako ya nyumbani inayopiga mshono ulionyooka inatosha kabisa, sababu kazi kubwa ya koti inafanywa na pasi na sindano ya mkono, tena sehemu ambayo mvaaji haioni.

Sogeeni mshike hili, nimelitoa mitumba. Hapa chini ya kifungo, shika kitambaa cha nje kwa vidole vya mkono mmoja, bitana kwa mkono wa pili, achanisha taratibu. Umesikia kuna kitu cha tatu kinaelea katikati? Hiyo ni kanvasi, imefumwa kwa sufu na singa za farasi, na ndo inayokipa kifua umbo. Makoti mengi ya bei ya chini hayana, yana ile stifu yenye gundi ya kubandika kwa pasi.

Koti la kwanza nililomshonea baba yangu nilitumia hiyo ya gundi, ya bei rahisi, na lilipendeza kweli, mzee akalivaa juu ya kanzu kwenye nikaha ya mdogo wangu. Likafuliwa mara mbili kifua chote kikatoka malengelenge, gundi imeachia, na hapo hata upige pasi vipi hairudi. Liliniuma sana. Stifu nzuri zipo, sikatai, ila kanvasi iliyoshonwa kwa mkono haina gundi ya kuachia.

Inashonwa hivi. Unailaza chini ya kitambaa cha mbele, unapiga bandi ndefu ndefu kuishikilia, alafu ukifika kwenye lapeli, ile sehemu ya kifuani inayokunjwa nje chini ya kola, unapiga vishono vidogo vya mshazari, sindano inadokoa uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje usionekane upande wa pili, na huku mkono wa kushoto unaikunja lapeli kama itakavyokaa ikivaliwa. Hapo ndo siri ilipo, unashona ikiwa imekunjwa, kwa hiyo ukiachia inabaki na mkunjo wake. Pale kwenye mstari wa kukunjia weka utepe mwembamba wa pamba, mfupi kama sentimita 1 kuliko mstari wenyewe, lapeli italala kifuani bila kuachama. Jioni mbili tatu zitaisha hapo, usiharakishe.

Kitambaa nunua sufu, nyepesi kwa joto letu hili, mita mbili za upana wa sentimita 150 mtu wa kawaida zinamtosha. Sufu inasikia pasi. Ukiipa mvuke inavutika, inasinyaa, inafuata unachotaka, poliesta haikusikii hata kidogo. Na tengenezeni mto wa pasi, mfuko wa pamba wa umbo la yai ulioshindiliwa unga wa mbao toka kwa seremala, maana kifua cha mtu kina mviringo, huwezi kukipigia pasi juu ya meza.

Kabla ya kukata sufu yako, shona koti zima kwa merikani kwanza, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, bila mifuko wala bitana, mvalishe atakayelivaa, chora na kalamu humo humo. (Jina hilo lina historia, nguo hiyo ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani karne ya 19, wengi wakitokea mji wa Salem.) Angalia mabega hasa, watu wengi bega moja limeshuka kuliko lingine na hawajui.

Sasa kwapa, hapa naomba tusikilizane, sababu ndo kosa ninaloliona sana. Mtu anasema koti linabana mikono, anachukua mkasi anashusha tundu la kwapa, na koti linazidi kubana! Fikiria, tundu likiwa chini, ukiinua mkono unainua koti zima na kola inaondoka shingoni, likiwa juu karibu na kwapa lenyewe mkono unaenda peke yake na koti linatulia. Kwa hiyo tundu liwe dogo na la juu, upana utafute mgongoni na kwenye mkono.

Mkono wa koti wenyewe unakatwa vipande viwili, na kichwa chake, ile sehemu ya juu inayoshonwa kwenye tundu, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 3 hivi. Piga mistari miwili ya mshono mlegevu, vuta uzi, weka juu ya mto, kitambaa chenye unyevu, pasi, mpaka ile ziada inywee yote kusiwe na marinda. Alafu bandika kwa bandi, mvalishe tena aache mikono ining'inie, mkono ukitupa mikunjo mbele au nyuma fumua uuzungushe kidogo. Mimi huwa nafumua hata mara tatu.

Bitana ni rahisi, na kwa Dar nusu ya mgongo inatosha, hewa ipite.

Haya, kila meza ina koti moja la mitumba na kiwembe. Anzeni kufumua bega la kushoto, taratibu, msikate kanvasi, tutaitumia.