Polisi Mlangoni: Nani Anachukua Bunduki, na Kwa Amri ya Nani?

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Rehema, na niko na kaka yangu Salim kama kawaida. Leo tuko Marekani. Hatutajadili kama watu wawe na bunduki au wasiwe nazo, maana hilo mmelisikia mno. Tunataka kutazama pale ambapo sheria imeshapitishwa, na sasa kuna askari anayepaswa kwenda nyumbani kwa mtu kuitekeleza. Kaka Salim, anza.

SALIM: Asante dada. Nianze na Aurora, mji wa Illinois. Kule huruhusiwi kumiliki bunduki bila kitambulisho maalumu kinachotolewa na polisi wa jimbo. Kuna mtu alipewa kitambulisho hicho Januari 2014, na Machi akanunua bastola. Kisha akaomba kibali cha kutembea na silaha, akapeleka alama za vidole. Zile alama ndizo zilizomfichua: alikuwa amehukumiwa kwa kosa kubwa la shambulio huko Mississippi mwaka 1995. Hakustahili kitambulisho tangu mwanzo. Kikafutwa, akaandikiwa barua ya kumtaka aachane na silaha yake.

REHEMA: Baada ya barua?

SALIM: Ikawa basi. Bastola ilibaki kwake karibu miaka mitano. Tarehe 15 Februari 2019, siku aliyoitwa kuachishwa kazi, aliitoa bastola ileile akawaua wafanyakazi wenzake watano. Polisi waliofika kuwaokoa watu, kadhaa walipigwa risasi.

REHEMA: Na hapa sheria haikuwa na upungufu wa maneno. Ilisema wazi kwamba huyu hana ruhusa. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kubisha hodi na kusema, "Nimekuja kuchukua ile bastola."

SALIM: Ndiyo. Mimi natetea haki za wamiliki, kila anayetusikiliza anajua. Lakini ukiniuliza kuhusu Aurora, nitakwambia serikali ilijua jina lake, ilijua anakaa wapi, ilijua ana bastola gani, ikatuma barua tu. Baadaye, mwaka 2021, Illinois ilibadili sheria hiyo ili ufuatiliaji uwe na nguvu. Watu watano walikuwa wameshazikwa.

REHEMA: Basi nami nikupe kisa kinachokwenda kinyume na hicho. Maryland, tarehe 5 Novemba 2018. Zile sheria wanazoziita za bendera nyekundu zilikuwa zimeanza kutumika kule Oktoba Mosi, mwezi mmoja tu. Wasikilizaji, sheria hizi zinamruhusu hakimu kuamuru mtu aondolewe silaha kwa muda kwa sababu ameonekana kuwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, hata kama hajatenda kosa. Askari wawili walipeleka amri kwenye nyumba moja, saa 11 na dakika 17 alfajiri.

SALIM: Watu wamelala.

REHEMA: Mwenye nyumba alifungua mlango akiwa na bastola mkononi. Kwa maelezo ya polisi, aliiweka chini, wakaanza kumweleza amri, akakasirika akaichukua tena. Wakang'ang'aniana, risasi ikatoka, na askari mmoja akampiga risasi akafa.

SALIM: Siwezi kumhukumu askari aliyekuwa pale, bastola iko mbele ya uso wake. Ninaemlaumu ni aliyepanga saa ile. Unapeleka karatasi ya kumwambia mtu tunakuja kukunyang'anya kile unachodhani kinakulinda, na unampelekea gizani. Mmarekani mwenye bunduki akigongewa mlango alfajiri, kitu cha kwanza anachofikia ni bunduki. Hilo polisi wanalijua kuliko mtu yeyote.

REHEMA: Sasa turudi kwenye Katiba yao, kwa sababu watu wengi wanataja Marekebisho ya Pili peke yake, yale ya haki ya kuwa na silaha. Mimi naona kwa suala letu la leo, Marekebisho ya Nne yana uzito zaidi. Yanakulinda dhidi ya upekuzi na utwaaji usio na msingi. Askari akitaka kuingia nyumbani kwako, kanuni ni kwamba awe na hati ya hakimu.

SALIM: Kuna kesi inayounganisha hayo mawili, Caniglia dhidi ya Strom. Rhode Island, mwaka 2015. Mume na mke wanagombana. Mume anakwenda kuleta bastola, anaiweka kwenye meza ya chakula, anamwambia mkewe ampige risasi amalize. Mama wa watu akatoka akalala hotelini. Asubuhi anapiga simu, haipokelewi. Akawaita polisi waende kumwangalia.

REHEMA: Ungefanya nini ungekuwa yeye? Mimi ningepiga simu hiyohiyo.

SALIM: Hata mimi. Polisi wakamkuta mzima, wakaongea naye, akakubali kwenda hospitali kupimwa akili. Kwa maelezo yake, alikubali kwa sharti kwamba hawatagusa bunduki zake. Gari la wagonjwa lilipoondoka, wakaingia ndani, wakachukua bastola mbili. Hawakuwa na hati yoyote.

REHEMA: Na hoja yao mahakamani?

SALIM: Kwamba polisi wana kazi ya kuwaangalia raia, si kukamata wahalifu tu. Walitegemea hukumu ya mwaka 1973 iliyohusu gari lililopata ajali, ambalo polisi walilipekua wakitafuta bastola ya kazi ya dereva wake, naye alikuwa askari. Mahakama ya rufaa ikawakubalia polisi. Mei 2021 Mahakama ya Juu ikakataa, majaji wote tisa. Jaji Clarence Thomas aliandika hukumu ya kurasa chache tu: kinachoruhusiwa kwenye gari barabarani hakiwi ruhusa ya kuzurura ndani ya nyumba za watu.

REHEMA: Majaji tisa wa mahakama ile kukubaliana juu ya jambo linalogusa bunduki! Lakini tusiwape watu picha isiyo kamili. Jaji Mkuu Roberts alieleza pembeni kwamba askari bado anaweza kuingia bila hati kumsaidia mtu aliyeumia vibaya au aliye hatarini wakati huohuo. Na Jaji Alito akasema wazi kwamba kesi hiyo haikuamua lolote kuhusu sheria za bendera nyekundu.

SALIM: Kweli. Ila kuna jambo dogo ambalo halisemwi sana. Mkewe, yuleyule aliyeita polisi, alijaribu kuzifuatilia zile bastola arudishiwe, akashindwa. Zilirudi baadaye, wakili alipoingia. Ndilo linalonikera katika habari hizi zote, dada. Njia ya kuchukua ni pana, ya kurudisha ni nyembamba.

REHEMA: Hapo najua unakwenda New Orleans, kule Louisiana.

SALIM: Lazima. Kimbunga Katrina kilipiga mwishoni mwa Agosti 2005. Mji umejaa maji, umeme hakuna, ukimpigia polisi simu hapokei mtu, na baadhi ya askari wenyewe walikuwa wametoroka kazi. Mtu amebaki nyumbani kwake penye ukavu, na bunduki yake ni halali. Mapema Septemba, mkuu wa polisi wa mji akatangaza kwamba ni vyombo vya dola tu vitakavyokuwa na silaha. Askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Kwa watu ambao hawakushitakiwa kwa lolote.

REHEMA: Bila hati, bila stakabadhi kwa wengi wao. Na niseme hivi, mimi ninayeunga mkono udhibiti mkali: pale walikosea, na walikosea vibaya. Walichukua ulinzi wa watu wakati ambao hawakuwa na ulinzi mwingine wa kuwapa.

SALIM: Vyama vya wamiliki vikaenda mahakamani, na ndani ya mwezi huohuo jaji wa shirikisho akazuia zoezi. Mji ukakana kabisa kwamba una shehena ya bunduki za raia. Machi 2006 ukakiri kuwa nazo, kama 1,000. Hebu fikiria, unakana mbele ya mahakama, halafu zinapatikana. Na watu walipokwenda kudai, wakaambiwa walete uthibitisho wa umiliki. Karatasi gani? Karatasi zilikuwa zimesombwa na maji pamoja na kabati! Kesi ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2008.

REHEMA: Bunge la Marekani halikungoja huko. Mwaka 2006 lilipiga marufuku kutwaa silaha halali za raia wakati wa maafa, kwa maofisa wa shirikisho na kwa wale wanaofanya kazi kwa fedha za shirikisho. Louisiana nayo ikapitisha ya kwake mwaka huohuo.

SALIM: Na imani haikurudi. Mpaka leo ukijadili na mmiliki wa bunduki kule, hata iwe sheria ndogo namna gani, atakutajia New Orleans.

REHEMA: Nakuelewa. Lakini na sisi tunaowatazama waathirika tuna jina letu tunalolitaja: Castle Rock, Colorado, 1999. Mama ana amri ya mahakama ya kumzuia mume waliyetengana asiwasogelee yeye na watoto nje ya ratiba. Mume akawachukua mabinti watatu. Mama akawapigia polisi, akawapigia tena, akaenda kituoni kwa miguu yake usiku. Wakamwambia asubiri. Yule mwanamume alinunua bastola jioni ileile. Watoto wote watatu walikutwa wamekufa ndani ya gari lake.

SALIM: Subhanallah.

REHEMA: Mama akashtaki. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikasema, majaji saba kwa wawili, kwamba Katiba haikumpa haki binafsi ya kudai polisi waitekeleze amri ile. Kwa hiyo mmiliki wa bunduki akionewa ana mlango wa kwenda kulalamika, kama yule wa Rhode Island. Aliyeachwa bila ulinzi kwa sababu polisi hawakwenda, hana. Naomba usinijibu haraka.

SALIM: Sikujibu. Naongeza juu yake. Kuna masherifu, yaani wakuu wa polisi wa kaunti wanaochaguliwa kwa kura, na wengi wako Colorado hukohuko, waliosema hadharani mwaka 2019 kwamba hawataitumia sheria ya bendera nyekundu ya jimbo lao. Wengine hutaja kesi ya Printz ya mwaka 1997, ambapo masherifu wawili, wa Montana na Arizona, waliishinda serikali kuu. Lakini hukumu ile ilisema serikali ya shirikisho haiwezi kuwageuza masherifu kuwa watumishi wake wa kukagua wanunuzi. Haikusema sherifu anaweza kuitupa amri ya hakimu wa jimbo lake mwenyewe. Mimi ni mtu wa haki za wamiliki, na sherifu anayechagua amri za kutii ananitisha. Leo amechagua upande wangu.

REHEMA: Na uchaguzi huo wa askari una sura nyingine, ya rangi ya mtu. Julai 2016, Minnesota, Philando Castile, Mmarekani mweusi, alisimamishwa barabarani. Alikuwa na kibali cha kubeba silaha. Akamwambia askari kwa upole kwamba anayo bunduki, jambo ambalo wakufunzi wa silaha huwashauri watu walifanye. Akapigwa risasi mbele ya mwenzi wake na mtoto wa miaka minne. Askari alishitakiwa, mwaka uliofuata baraza la mahakama, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, likamwachia.

SALIM: Vyama vikubwa vya wamiliki vilikawia mno kumtetea. Alikuwa mmiliki halali kuliko wengi. Haki ikitegemea ngozi ya anayeidai, basi sijui tunatetea nini.

REHEMA: Tumalizie pale tunapotofautiana. Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane kwa mmoja wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa usalama wa mwingine anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Kwangu hiyo inatosha kusimamisha sheria za bendera nyekundu.

SALIM: Kwangu haitoshi. Sheria waliyoipima kwenye Rahimi inadai mtu apewe taarifa na nafasi ya kusikilizwa kwanza. Bendera nyekundu nyingi zinaanza na hakimu kusikiliza upande mmoja. Florida, kwa mfano, walipitisha yao baada ya mauaji ya shule ya Parkland mwaka 2018: unaweza kuondolewa silaha leo, usikilizwe ndani ya siku 14, na amri ikithibitishwa ni mpaka miezi 12.

REHEMA: Siku 14 za kungoja asikilizwe kwanza, kwa mtu anayetishia kujiua, ni muda mrefu mno wa kumwachia bunduki, kaka. Ukimpa taarifa kwanza, umempa pia usiku wa kuamua.

SALIM: Basi wafupishe. Siku tatu. Na wafanye kama Florida kwenye jambo moja: kule ni polisi tu wanaoweza kupeleka ombi, si jirani wala mke mliyeachana kwa ugomvi. Angalau kuna mtu aliyekula kiapo aliyechunguza kwanza.

REHEMA: Na mama wa Castle Rock? Aliyeambiwa asubiri na haohao polisi? Mimi nataka familia iweze kwenda kwa hakimu moja kwa moja, kama California.

SALIM: Halafu hakimu amtume nani kwenda kuchukua? Polisi walewale.

REHEMA: Ndiyo, lakini wakiwa na amri yenye tarehe ya mwisho na jina la ofisa anayewajibika. Aurora hapakuwa na jina la mtu.

SALIM: Hilo la jina nalikubali. La familia, bado.

REHEMA: Wasikilizaji, tuandikieni mko upande gani, hasa kwenye hili la nani apeleke ombi. Tutasoma majibu yenu wiki ijayo.