Komamanga na Haki ya Mja

(Mhadhara kwa wanafunzi wa fasihi, Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum, walimu wangu na wanafunzi.

Nimekuja na riwaya moja tu, The Kite Runner ya Khaled Hosseini, daktari mzaliwa wa Kabul, iliyotoka mwaka 2003. Wengi mmeshaisoma, kwa hiyo kisa nitakipitia mbio. Amir ni mtoto wa tajiri. Hassan ni mtoto wa mtumishi wa nyumba hiyohiyo, tena ni Mhazara, kabila linalodharauliwa mjini. Wote wawili wamenyonyeshwa na mwanamke mmoja. Nyinyi mnajua uzito wa ndugu wa kunyonya. Majira ya baridi ya 1975 Amir anashinda mashindano ya tiara, ya kukatana nyuzi. Hassan anaikimbilia tiara ya buluu iliyokatwa, amletee mwenzake, na huko kichochoroni vijana waonevu wanamdhalilisha vibaya mno. Amir anaona kila kitu. Ananyamaza.

Hapo ndipo wasomaji wengi hulia. Mimi hulia mbele kidogo, kwenye komamanga.

Wako kilimani. Amir hawezi tena kumtazama Hassan usoni, anaokota komamanga anampiga nalo. La pili, la tatu. Anamtaka na yeye arushe. Hassan, shati limeroa maji mekundu, anaokota moja, anamsogelea, analipasua kwenye paji la uso wake mwenyewe. Kisha anamuuliza kama sasa ameridhika.

Someni pale taratibu. Amir hatafuti msamaha, anatafuta kupigwa ili kifua kimpoe. Baada ya miaka mingi, mwaka 2001, anarudi Kabul kutoka Marekani, na mwonevu yuleyule wa utotoni anamvunja mbavu. Amir anacheka huku anapigwa, anahisi amepona. Wahakiki wengi huona deni limelipwa pale. Mimi nakataa kabisa. Aliyepigwa amepata nafuu yake yeye. Hassan hajapata chochote.

Sisi tofauti hii tumefunzwa tangu chuoni, tukisoma Kurani. Kosa lililo baina yako na Mola wako, utatubu usiku peke yako juu ya msala. Haki ya mja haiishii hapo, mpaka umwendee mwenyewe. Na Hassan amekwisha kuuawa, yeye na mkewe. Amebaki mwanawe, Sohrab, ambaye Amir anamchukua kwenda kuishi naye Marekani.

Kwangu mimi toba ya Amir inaanzia Marekani, nyumbani, pale mtoto yule anapokaa karibu mwaka mzima hasemi neno, na Amir hachoki naye. Halafu siku moja uwanjani wanarusha tiara, na Sohrab anatabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Upande mmoja! Mwandishi hakutupa zaidi ya hapo, na namheshimu kwa hilo.

Babu yangu, mwaka aliokwenda Hija, alizunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kama wafanyavyo wazee wetu. Nilifuatana naye, nina miaka 9. Kwenye nyumba moja mwenyewe alikwishafariki. Tulimkuta kijana wake anaanika karafuu. Babu akavua kofia, akasema, "Mwanangu, marehemu baba yako alikuwa akinichumia karafuu, na mimi nilikuwa nampunja pishi. Miaka mingi. Naomba radhi." Akatoa fedha, akaziweka pembeni mwa jamvi.

Kijana hakujibu. Aliendelea kuzigeuza karafuu kwa kiganja, hata kichwa hakuinua. Nilidhani tutaondoka. Babu akavua viatu, akachutama upande wa pili wa jamvi, akaanza kugeuza na yeye. Jua lilikuwa kali, harufu ya karafuu inapanda mpaka kichwani. Hawakusemezana. Adhuhuri ilipoadhiniwa babu aliaga, kijana akaitikia salamu tu.

Nikageuka nyuma kuangalia. Zile fedha zilikuwa palepale, hazijaguswa.