Turbo Haisomi Theluji

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki za theluji za milimani, zile Wazungu wanaziita snowmobile, kwa sababu, nasikia, vijana wetu hapa Calgary wameanza kuzinunua. Sishangai. Ukikaa Alberta, kila Ijumaa jioni ya majira ya baridi unaziona pikapu na trela zao zikielekea magharibi, kwenye miji ya milimani ya jimbo jirani la British Columbia, Golden, Revelstoke, McBride, na siku moja unajiuliza wenzako wanafuata nini huko. Mimi kazi yangu ni ufundi wa mashine hizi, na mwenye ufundi hawezi kusema mashine ni mbaya. Nimekuja na hoja moja tu: katika mchezo huu pesa na ustadi havikutoi kwenye hatari. Vinakuhamisha kutoka hatari ndogo na kukupeleka kwenye hatari kubwa.

Tuanze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Mashine mpya ya mlimani ni kama dola 20,000 za Kanada, na yenye turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, inazidi hapo. Ya mtumba utaipata kwa bei ndogo zaidi, lakini nyingi, kama zilivyo mpya, ni injini za kuchoma oili pamoja na petroli, na pistoni zake huchakaa bila kujali kwamba uliinunua kwa bei ya kutupa. Ongeza trela, gari la kuivuta, mavazi, mafuta, mkanda wa gia wa akiba (utakatika tu, na utakatika mbali), malazi ya wikendi. Nawajua watu ambao mashine yao imegharimu kuliko gari linaloivuta.

Na hiyo pesa inanunua nini hasa? Inanunua uwezo wa kupanda juu zaidi. Injini inakula hewa, na hewa inapungua unavyopanda. Kila mita 300 inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu, kwa hiyo injini yenye nguvu za farasi 165 pale dukani, ukiifikisha mita 2,300 inabaki na kama 130. Turbo inarudisha zile zilizopotea. Tangu msimu wa 2020 watengenezaji wa Ski-Doo wanauza mashine za namna hiyo zikiwa na turbo ya kiwandani, na kabla ya hapo mafundi tulikuwa tukizifunga wenyewe. Chini ya mashine kuna mkanda mpana wa mpira unaoisukuma, wa inchi 154, 165 au zaidi, wenye meno ya inchi 3 ya kuchimbia theluji laini. Mteremko uliokuwa unamrudisha baba nyumbani, leo mtoto anaupanda kwa kubonyeza resi kwa kidole gumba.

Nichepuke kidogo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt kule Québec aliyeianzisha Ski-Doo, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya 1934 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya hospitali. Magari yake ya kwanza ya theluji yalibeba madaktari, mapadri na wanafunzi. Ski-Doo yenyewe ilikuja 1959. Kila ninapofungua injini ya kwenda kuchezea mlimani huwa namkumbuka, ingawa sijui kama angecheka au angetukemea.

Sasa ustadi. Kama uliwahi kuendesha bodaboda, sahau nusu ya unachokijua. Jambo gumu kuliko yote ni kupita ubavuni mwa mlima. Tuseme mlima uko kushoto kwako. Unasimama juu ya ubao wa kushoto, unaivuta mashine ilalie kushoto mpaka isimame kwenye skii moja kati ya mbili za mbele, na wakati huohuo hendo umeikata kulia, upande wa bondeni. Mwili unasema uongo mtupu: kila mshipa unataka ukate hendo kuelekea mlimani, na ukiutii, mashine inajinyoosha na kushuka na wewe. Resi nayo iko kwenye kidole gumba cha kulia. Ukiizidisha mkanda unachimba shimo, ukiipunguza unazama. Hapo unatafuta mstari kati ya miti, una mashine ya kilo zaidi ya 200, na huwezi kusimama ufikirie.

Anayeanza hawezi. Anakwama mita 50 kutoka njiani, anachimba, anatokwa jasho, anakwama tena. Jioni anarudi hoi, hajafika popote. Nami nawaambia, huyo amelindwa na ugeni wake. Hana uwezo wa kufika kwenye mteremko unaoweza kumuua. Baada ya misimu michache anauweza, na anaamini kwamba kwa kuwa ameiweza mashine, ameuweza mlima pia.

Theluji ni somo lingine kabisa. Milima ya Selkirk na Monashee, inayozunguka Revelstoke, inajulikana kwa kitu kimoja: usiku wa baridi kali usio na mawingu, unyevu wa hewani unaganda juu ya theluji na kuota kama manyoya membamba. Kunapendeza sana. Kisha theluji mpya inaangukia juu yake, upepo unaishindilia, na yale manyoya yanabaki chini, dhaifu, kwa majuma kadhaa. Hapo mlima ni kama bati lililotandazwa juu ya dengu. Likikatika sehemu moja, linateleza lote. Maporomoko mengi ya aina hiyo hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na hiyo ndiyo miteremko hasa ambayo mwenye turbo ameilipia. Tena mtu wa skii akipanda kwa miguu, kwa siku nzima anagusa miteremko michache. Mwenye mashine anagusa makumi, na uzito wa mashine na mpandaji unafika kilo 300, unabonyeza mpaka tabaka la ndani.

Kuna mtindo wa kushindana nani ataacha alama ya juu zaidi mlimani. Unapanda kwa resi yote, nguvu zikiisha unageuza unashuka. Ukichelewa kugeuza, unakwama juu kabisa. Rafiki yako anakuja kukusaidia. Sasa mko wawili kwenye mteremko mmoja, na wenzenu wameegesha chini wakitazama, injini zimezimwa, kofia wamevua. Maporomoko mengi yaliyoua watu wa mashine yalianza hivyohivyo.

Tarehe 13 Machi 2010, juu ya Boulder Mountain pale Revelstoke, watu karibu 200 walikusanyika kutazama mashine zikipanda. Tahadhari ya maporomoko ilikuwa imetolewa. Mlima ulikatika ukawafuata waliokuwa chini. Wawili walikufa, kama 30 wakaumia. Wengi wa waliopigwa hawakuwa wakipanda chochote, walikuwa watazamaji.

Na Desemba 28, 2008, kule Harvey Pass karibu na Fernie, wanaume 11, watu wa milima ile ile, wenyeji. Poromoko la kwanza lilifukia baadhi yao. Waliobaki walifanya ambacho kila mmoja wetu angefanya: walikimbilia kuchimba. Poromoko la pili likawafuata hapohapo. Wanane walikufa, watatu wakatoka. Hawa hawakukosa ustadi wa kuendesha, wala vifaa, wala ujasiri. Huwa nakasirika nikisikia watu wakisema "vijana wazembe."

Naona mama pale amenyoosha mkono. Ndiyo, mama... Anauliza, basi tuwakataze? Mama, ungeweza kumkataza kijana wa miaka 25 mwenye kazi yake? Mwambie atumie pesa kwa mpangilio mwingine. Mafunzo ya awali ya maporomoko ni siku mbili hivi, na ada yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine. Shirika la Avalanche Canada, ofisi zao ziko Revelstoke, wanatoa utabiri wa hatari kwa ngazi 5, bure. Ngazi ya 3 ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu iko katikati na watu wanaisoma kama "kawaida." Si kawaida. Siku hiyo unaendesha msituni na kwenye miteremko ya upole, hata kama uso wa mlima unang'aa unakuita. Kupanda ni mmoja mmoja, na anayekwama juu anajikwamua mwenyewe. Kuegesha ni mbali na mteremko, uso wa mashine ukielekea nje na injini tayari.

Na kila mtu avae bikoni mwilini, yaani kiredio kinachotuma na kupokea ishara ili aliyefukiwa apatikane, awe na fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliye chini, na koleo mgongoni. Nasema mgongoni, si kwenye mashine, kwa sababu mashine inaweza kuzikwa pamoja na koleo lako. Begi la mgongoni linalojaa hewa ili ubaki juu ya theluji linasaidia, lakini halizuii kugongwa na mti. Simu na glavu za umeme zikae sentimita 20 kutoka kwenye bikoni, na ukiwa unatafuta ziwe 50, kwani zinaivuruga.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10, karibu tisa kati ya kumi wanapona. Ikifika nusu saa wanabaki kama watatu. Helikopta haiwezi kuwahi muda huo. Mwokozi ni yule uliyekuja naye, na theluji iliyoporomoka ina uzito wa kilo 300 hadi 500 kwa kila mita moja ya ujazo, kwa hiyo hata kuchimba kuna mpangilio wake: unaanzia upande wa chini wa mteremko, unachimba kuelekea fimbo ilipogusa mwili, na mnapokezana.

Haya ni maneno tu mpaka mkono ujue. Pale mezani kuna bikoni sita na makoleo, na kule nyuma ya maegesho kuna lundo la theluji iliyosukumwa na trekta. Nimeshazika begi moja humo, na bikoni yake imewashwa. Chukueni makoti, tugawane vikundi vya watu watatu watatu. Mama uliyeuliza swali, wewe ndiye utashika saa.